Uzi Mwekundu wa Bi Kasoro

Kuna watu ukiwapa kitu kipya wanashukuru kwanza, wanakitazama baadaye. Bi Kasoro hakuwa wa kundi hilo. Umpe mwavuli, ataufungua humo humo chumbani, aupige kofi, auweke chini ya bomba, halafu ndiyo akwambie asante, na hiyo asante yenyewe itakuwa na "lakini" yake. Usimwonee bure. Kazi ndiyo iliyomlea hivyo.

Alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha mashati. Aliingia msichana, akatoka na miwani inaning'inia shingoni. Fundi wa cherehani akimaliza, shati linakuja kwenye meza yake. Analinyanyua kwa mikono miwili, anageukia dirishani, anaanza: ukosi, mabega, makwapa, vifungo, pindo. Lililo zima linakwenda kupigwa pasi. Lenye kasoro linafungwa uzi mwekundu kwenye tundu la kifungo cha juu, linarudi kwa aliyelishona. Mafundi ndio waliompa jina hilo, Bi Kasoro, wakilinong'ona nyuma ya mashine wakidhani hasikii. Alilisikia siku ile ile, likamkaa, akalivaa mpaka leo.

Ule uzi ulikuwa na sheria zake. Ukishaufunga, fundi ana haki ya kuja mezani kwako akasema, "Weka kidole." Hapo hakuna maneno mengi. Unaweka kidole palipo na kasoro, wote wanaona, fundi anarudi na shati lake ameinamisha kichwa. Na uzi haukatwi na mkaguzi, unakatwa na fundi mwenyewe akisharekebisha. Lakini uambiwe weka kidole, halafu kidole kikose pa kutua! Loo! Itabidi uukate uzi wako mwenyewe, kwa meno, mbele za watu, na kiwanda kizima kitakupigia vigelegele vya kukusuta mpaka mashine zisisikike. Wenzake wote hilo liliwahi kuwakuta. Yeye, ng'o! Alistaafu hajaukata uzi wake hata mara moja, na kama alikuwa na cha kujivunia duniani, ni hicho.

Siku ya kuagwa walimpa saa ya ukutani. Akaigeuza nyuma kuikagua, watu wakacheka. Mwenyewe alichotaka kutoka pale alikuwa ameshakitia mkobani: uzi mwekundu uliokuwa umebaki mezani kwake.

Sasa alikuwa anaishi vyumba viwili ghorofani, juu ya duka la kinyozi. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, na mtoto walijaliwa mmoja tu, binti, aliyekuwa muuguzi katika hospitali ya mji wa mbali. Basi la kutoka huko linaondoka alfajiri na kufika jua limeshapinda. Hata hivyo kila mwisho wa mwezi binti alikuja. Anafika Jumamosi, miguu imevimba, anakula, wanapiga soga, analala kwenye kile kitanda chake cha ujana, Jumapili anageuza. Kwa Bi Kasoro mwezi haukuwa na siku nyingine ya maana. Siku zilizobaki alikuwa anazisukuma tu ziishe: anapiga pasi mashuka ambayo hayakukunjika kwa kulaliwa na mtu, anakula amesimama karibu na jiko, anaigombeza redio. Jamani, mtu akianza kuigombeza redio, ujue nyumba imekuwa kubwa.

Binti huyo alikulia chini ya meza ya ukaguzi. Akitoka shule alikuwa anapitia kiwandani, anajikunyata pale chini na madaftari yake, na sheria za uzi mwekundu alizijua kabla hajajua kugawanya. Siku alipopelekwa shule ya bweni, asubuhi, sanduku liko mlangoni, alimjia mama yake amevaa sare mpya, na kwenye tundu la kifungo cha juu amejifunga uzi mwekundu.

"Haya, weka kidole," mama akamwambia, akijikaza asicheke.

Mtoto akaweka kidole tumboni. "Linauma hapa."

Mama akamgusa paji la uso. Halikuwa na joto lolote. "Hakuna kasoro hapo," akasema, akauinamia ule uzi, akaukata kwa meno, akamshika mkono wakaenda kituo cha basi. Miaka na miaka baadaye kisa hicho kilikuwa bado kinawachekesha wote wawili, ingawa binti alikuwa anacheka kidogo kuliko mama.

Basi, mwisho wa mwezi mmoja binti akaja na boksi. Boksi liliandikwa kishikwambi, yeye mwenyewe alikiita tableti, na mama alipokiona kilivyo bapa akakiita kibao, na kibao kikabaki. Kilikuwa kidogo, nusu ya shati lililokunjwa, cheusi, mgongo wa plastiki.

"Si cha bei mbaya, Mama," binti alisema. "Ni cha kawaida tu. Utasomea habari, utasikiliza redio bila makelele, na tutaonana. Kijaribu. Duka linakubali kirudishwe mpaka mwisho wa mwezi ujao. Nikija tena utaniambia kama kinafaa."

"Na kikifaa?"

Binti alikuwa amevua viatu, anajikanda nyayo. Hakuinua uso. "Kikifaa tutaonana kila siku, uso kwa uso. Na mimi sitalazimika kupanda basi kila mwisho wa mwezi, Mama. Wamebadilisha zamu, Jumatatu naingia wodini nimechoka hoi. Nitakuja nikipata likizo, nikae siku nyingi."

Hakulisema kwa ubaya. Ni mtoto mwema yule, na miguu yake ilikuwa imevimba kweli. Bi Kasoro akaitikia, "Sawa, mwanangu, tutakijaribu," akainuka kwenda kuongeza maji kwenye sufuria ambayo haikuhitaji maji. Alikuwa ameelewa vizuri kabisa. Kibao kikiwa kibovu, mtoto atakuja. Kikiwa kizima, hatakuja.

Binti alipoondoka, mama akakaa mezani, akavaa miwani, akakivuta kile kibao mbele yake namna alivyokuwa akivuta shati la fundi mzembe. Akaanza kazi.

Nikwambie ukweli, hakuna kibao kilichowahi kukaguliwa vile. Watu siku hizi wanasifu vitu kwa kutazama picha ya kwenye boksi! Bi Kasoro aliutembeza ukucha kwenye kingo zake zote kutafuta upenyo. Alikishika kwa mkono mmoja akiwa amelala chali, akasubiri kiwiko kilalamike, kiwiko hakikulalamika. Alikiwasha, akaona kinachukua muda kufunguka, muda wa kukunja shati moja na kulisawazisha, akakiandikia hilo kichwani kama uvivu, si kasoro. Akakipeleka kwenye jua la kibarazani, kikageuka kioo, akajiona mwenyewe na mikunjo yake. Lakini nani husomea juani? Herufi zilikuwa ndogo, akazikuza mpaka habari moja ikajaza kibao kizima. Sauti ilikuwa nyembamba, kama ya mtu anayeongea ndani ya ndoo. Akakiegemeza kwenye sahani, sauti ikanenepa. Chaji ya asubuhi ilimfikisha jioni na kesho yake tena.

Kuna jambo moja lilimpa tumaini. Kibao hakikusikia kidole chake. Anagusa, wapi! Anagusa tena, kimya. Akafurahi, akasema leo nimekukamata. Akashuka nacho mbio kwa kinyozi.

Kinyozi alikuwa mtu wa maneno mengi na wateja wachache, na kila kitu chenye betri alikuwa na maoni nacho. "Kina GB ngapi?" akauliza kabla hata ya kukishika.

"Sijui na sitaki kujua. Hakisikii kidole."

Kinyozi akakigusa, kikafunguka pale pale. Akagusa hapa, akagusa pale, kinamtii kama mbwa wake. Akaomba auone mkono wa Bi Kasoro, akakigeuza kidole kwenye mwanga. "Bi Mkubwa, kidole hiki kimeisha," akasema. "Kimesuguliwa na nguo mpaka kimekuwa kama ganda. Kiloweshe kidogo."

Akakilamba, kama alivyokuwa akilamba ncha ya uzi kabla ya kuupitisha kwenye sindano, akagusa. Kibao kikaitika. Alisimama pale akiwa amekunja uso, kinyozi akadhani amekasirikia kidole.

"Lakini GB zake ni chache," kinyozi akasema kumfariji. "Ukijaza mapicha kitakwama. Ningekuwa mimi, ningekirudisha."

"Kwa hiyo ni kibovu?"

"Aah, si kibovu. Ni kidogo. Kwa mtu mmoja kinatosha sana."

Kwa mtu mmoja. Bi Kasoro akapanda ngazi polepole, akakaa kitandani na kibao mapajani. Pale kwenye kioo kulikuwa na swali limetokea lenyewe, maana hivi vitu vina adabu ya ajabu: kilimuuliza kama amefurahia siku yake ya leo, na kikampa nyota azipake rangi kwa kadiri alivyofurahi. Akaliangalia lile swali muda mrefu. Hakukumbuka ni lini mtu alimuuliza kama amefurahia siku yake. Hakupaka nyota yoyote, lakini pia hakulifuta, akaliacha pale mpaka kioo kikazimika chenyewe.

Simu ya kwanza ya picha ilikuja alasiri ya siku iliyofuata. Binti alionekana safi kabisa, kofia ya kazi kichwani, hata kile kipele cha kidevuni. Bi Kasoro alishtuka akakirudisha kibao nyuma, kisha akakisogeza karibu tena.

"Mama, sikuoni!" binti akasema. "Naona kivuli tu. Kama mwizi!"

Mkaguzi gani asiyejua sababu? Kiti chake kilikuwa kimelipa dirisha mgongo. Miaka yote ile ya kazi hakuna shati alilowahi kulitazama kwa namna hiyo. Mtu angefanya hivyo kiwandani, angefukuzwa mezani asubuhi hiyo hiyo. Mwanga unatakiwa uangukie kitu, usitokee nyuma yake. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Akainuka kugeuza kiti. Mkono ulikuwa umeshashika egemeo.

Akauondoa.

"Sijui kina nini," akasema, akaketi palepale. "Kamera yake labda."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwezi mzima. Binti anapiga, anamuona mama yake kivuli, wanacheka, wanaongea kidogo, binti anaitwa wodini, wanaagana. Bi Kasoro kila akikata simu alikuwa anatazama kile kiti, kisha anatazama pembeni. Moyo ulimsuta, nisikufiche. Huyu ni mtu aliyewahi kumrudishia fundi aliyekuwa rafiki yake mpenzi mashati yote ya wiki nzima, rafiki akamnunia mpaka wakazeeka, kwa sababu pindo lilikuwa limepinda na pindo likipinda limepinda. Leo alikuwa anakisingizia kitu kizima. Alijiambia: mwezi mmoja tu, mwanangu akirudishe dukani, tuendelee kama zamani. Halafu alikuwa anaiona ile miguu iliyovimba, anaizima taa, analala upande wa ukutani.

Mwisho wa mwezi ulipofika, asubuhi ya Jumamosi, alitoa uzi mwekundu kwenye mkoba. Kibao hakina tundu la kifungo. Akaupitisha kwenye kona, akauzungusha, akafunga fundo la kiwandani, lile dogo la kukaza.

Binti alifika, akavua viatu, akakiona kibao mezani na uzi wake. Akaangua kicheko mpaka akajishika mbavu.

"Mama jamani! Na uzi mwekundu juu!" Akavuta kiti cha upande wa pili, akakaa kifundi fundi, mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya kiume: "Haya, Mkaguzi. Weka kidole."

Bi Kasoro akaweka kidole juu ya kamera. "Hapa. Uso wangu hakiuoni. Umeniona mwenyewe mwezi mzima, kivuli."

Binti akakichukua, akakipulizia, akakifuta kwa pindo la gauni. Kisha akainua macho. Akatazama kiti cha mama, akatazama dirisha, akatazama tena kiti. Bi Kasoro aliyaona macho yale yanavyosafiri, na alijua yatafika wapi.

"Mama. Si umekaa na dirisha mgongoni!"

Akamnyanyua kwa upole kama mgonjwa wake, akakigeuza kile kiti kikatazama dirisha, akamketisha. Akatoka na simu yake mpaka kwenye ngazi, akapiga. Na pale kwenye kioo, ndani ya kidirisha kidogo cha kona, Bi Kasoro akajiona: miwani, mashavu, kovu la pasi kwenye kidevu, kila kitu mahali pake.

"Nakuona!" binti akapiga kelele kutoka ngazini, sauti ikaja mara mbili, ya mlangoni na ya kibaoni. "Mama, nakuona mpaka nyusi!" Akarudi ndani anacheka. "Wewe wa kukaa na dirisha mgongoni! Wewe uliyekuwa unanifukuzia chini ya meza nikikukinga mwanga! Umesahau?"

Hapo alikuwa na maneno mawili ya kuchagua. Angeweza kusema: sikusahau, mwanangu, nilitaka uje. Yalikuwa yameshafika kooni. Lakini binti alikuwa bado hajavaa viatu, na miguu yake ilikuwa na alama za mikanda ya viatu.

"Nimesahau," akasema.

"Basi si neno," binti akasema, na sauti yake ikawa laini kidogo kuliko mwanzo, sauti ya kuongea na wazee wodini. Bi Kasoro aliisikia. Ikamchoma kuliko vigelegele vya kiwanda kizima.

Akakivuta kibao, akainama, akaukata uzi wake mwenyewe kwa meno. Hakuna aliyemsuta. Chini kwa kinyozi mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma, na barabarani mtu alikuwa anapiga honi.

"Hakina kasoro," akasema. "Kinafaa."

Jumapili binti akapanda basi akiwa mwepesi kuliko siku zote, akampungia mkono dirishani mpaka basi likakunja kona. Bi Kasoro akarudi nyumbani kwa miguu, kibao kiko mkobani, kizima kabisa.

Na kweli kilikuwa kizima. Hilo ndilo la kuudhi. Laiti kingemharibikia! Kiliita kila alasiri, picha safi, sauti imeegemea sahani. Wiki ya kwanza waliongea mpaka chai ikapoa. Wiki ya pili binti alikuwa anaongea huku anatembea, kioo kinaonyesha dari la hospitali na kipande cha shavu. Baadaye ikawa, "Mama umekula? Umelala vizuri? Nitakupigia," na kitufe chekundu. Si kwamba alimchoka mama yake. Ni kwamba kitu kinachopatikana kila siku kinakuwa cha dakika mbili, na mtu aliyesafiri siku nzima kuja kwako hawezi kukukata baada ya dakika mbili, ataona aibu. Bi Kasoro aliliwaza hilo akiwa peke yake na hakuwa na wa kumwambia, akaiambia redio.

Kiti hakukirudisha. Kilibaki vile vile kinatazama dirisha, kama binti alivyokiacha.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikaja. Aliamka mapema bila kuamshwa, akafagia, akabandua shuka kwenye kitanda cha binti, akatandika la safi lenye harufu ya pasi. Alikuwa anatia foronya kwenye mto ndipo alipokumbuka. Akasimama na mto umeingia nusu. Akakaa kwenye kile kitanda, akaukumbatia, akalia kidogo bila kelele, kisha akajifokea, "Mtu mzima hovyo!" akaumalizia kuuvalisha na kuuweka mahali pake.

Kwa nini alifanya kilichofuata, mwenyewe asingeweza kukueleza. Alifungua mkoba kutafuta leso, akakutana na ule uzi. Akakata kipande, akakipitisha kwenye tundu la kifungo cha juu cha blauzi yake, akakaza fundo. Akajitazama kwenye kioo cha kabati. Mzee mmoja, ukosi umelegea, na uzi mwekundu shingoni. Akacheka peke yake, kicheko cha pua. Halafu akaenda kuosha vyombo, akausahau.

Alasiri kibao kikaita. Akakausha mikono, akakaa kwenye kiti, akalamba kidole, akagusa. Mwanga wa dirisha ulikuwa unamwangukia usoni na kifuani sawasawa, kama shati juu ya meza.

"Mama, umekula?" Binti alikuwa anatembea, dari linapita nyuma yake. "Umelala vizuri? Sikia, nina mgonjwa, nitakupi..."

Dari likasimama.

"Mama, nini hicho kwenye ukosi?"

"Kipi?"

"Hicho. Sogea. Si huko, huku!"

Bi Kasoro akashusha macho. Mkono ukapanda haraka kuuficha, lakini ufichwe nini tena, kile kibao cha bei nafuu kilikuwa kimeshauona, na kilikuwa kimeuonyesha mwekundu kama ulivyo. Kitu chenyewe alichokikagua kwa mikono yake akasema kinafaa.

Binti alikuwa ameegemea ukuta, kofia imemkaa upande. Alitazama ule uzi, na macho yake yakaanza kusafiri tena kama siku ile, kutoka kwenye uzi kwenda kwenye kiti, kutoka kwenye kiti kwenda kwenye ule mwanga wa dirisha usoni mwa mama.

"Mama," akasema polepole. "Ile siku hukusahau dirisha."

"Sikusahau."

Mtu alimwita binti kwa nyuma. Hakugeuka. Akajitahidi kuitoa ile sauti ya kiume ya kifundi, ikatoka imepasuka katikati.

"Weka kidole."

Bi Kasoro akatafuta. Kifua, shingo, kiti, kile kitanda chenye shuka safi, vyote vilikuwa na haki yao. Mwishowe mkono ukashuka wenyewe mpaka pale alipowahi kuona kidole kidogo kikitua, asubuhi moja, sanduku liko mlangoni.

"Tumbo," akasema. "Linauma hapa."

Huyu ni muuguzi. Siku nyingine ukimwambia tumbo atakuuliza umekula nini, limeanza lini, linauma kwa kukata au kwa kuvuta. Hakuuliza kitu. Alijifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakawa yanacheza, na kwa muda mrefu hakuna aliyegusa kitufe chekundu.

"Nilikukumbuka, mwanangu," mama akasema. "Ndiyo kasoro yenyewe. Kibao hakina neno."

"Usiukate huo uzi," binti akasema. "Umenisikia, Mama? Usiuguse. Nakuja kuukata mwenyewe."

Alikuja na basi la Jumamosi iliyofuata. Bi Kasoro alimfungulia mlango akiwa na blauzi ile ile, ambayo wiki nzima aliifua jioni na kuivaa asubuhi, na ule uzi ulikuwa umeanza kufifia.